Gita Niliyoichagulia Korali

Habari za msiba wa Mzee Gaspard nilizipata nikiwa nakula. Ilikuwa mchana, hapa Kamembe, sahani ya sambaza mbele yangu, simu ikalia na sauti ya kike ikaniambia, "Papa Remi, ni miye Odette wa Bugarama, mutoto ya Mzee Gaspard. Papa alituacha jana." Nikampa pole, nikasema yote ambayo mtu husema, nikaahidi kufika. Kisha nikarudi kwenye sahani na kuwamaliza wale samaki wote. Ninaandika hili kwa sababu nimejiahidi kutojipamba katika kurasa hizi. Hamu ya kula haikunipotea hata kidogo. Nilikula haraka, kwa bidii, kama mtu anayetaka mdomo wake uwe na shughuli, maana ningeuacha wazi ungeanza kusema jambo ambalo nimelinyamazia zaidi ya miaka ishirini. Jambo lenyewe ni uongo wa neno moja, niliousema asubuhi chumbani kwa mtu, Bukavu, mbele ya gita mbili zilizolala kitandani. Adhabu yake aliibeba Mzee Gaspard. Mimi nilibeba gita.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi kiwandani, sehemu ya kujaza saruji kwenye mifuko, na nilikuwa nimepanga chumba Bugarama kwa mjane mmoja Mwislamu, Maman Zaina. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashamba ya mpunga, kitanda, kiti kimoja, na ukuta mwembamba uliotutenganisha na jiko lake, hivi kwamba nilijua kila alichopika kabla hakijaiva. Joto la Bugarama halina adabu. Linaingia ndani bila kubisha na kukaa hadi jioni. Nikitoka kazini nilikuwa na saruji masikioni, puani, hata kwenye kope, na Maman Zaina hakuniruhusu kuvuka kizingiti kabla sijaoga. "Utaleta kiwanda mu nyumba yangu," alikuwa akisema, na ndoo ya maji ilikuwa tayari inanisubiri nyuma ya nyumba. Juu ya kiti kile kimoja niliweka redio ya kaseti, na kaseti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya jazi. Siyo jazi ile ya kwetu, ambayo ni jina tu la bendi ya dansi. Hii ilikuwa ya watu wanne wanaopiga taratibu kana kwamba wanazungumza baada ya chakula, na mmoja wao alikuwa na gita. Sauti yake ilikuwa nene, ya mviringo, isiyo na kelele wala haraka. Kwenye kasha la kaseti kulikuwa na picha yake akiwa ameketi, amepakata gita pana nyekundu yenye matundu mawili kifuani, marefu, yaliyojikunja kama yale ya violini. Niliitazama picha ile hadi karatasi ikachakaa kwenye mikunjo. Sikujua gita za namna ile zinauzwa wapi, na wala sikuthubutu kuuliza. Nani angenielewa?

Gita niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya korali, kwaya ya kanisa letu, na ilikuwa mahututi. Shingo yake ilikuwa imepinda na kufungwa waya, na nyuzi mbili za chini zilitoa sauti moja hata ukizikaza vipi. Siku ilipovunjika kabisa, katikati ya misa ya harusi, korali ikaamua kununua nyingine. Watu walichanga walivyoweza. Sisi wa kiwandani tulitoa kwenye mshahara, na kina mama wa mashambani, ambao ndio waliokuwa wengi, walileta mpunga baada ya mavuno, kila mmoja na kopo lake, wakaumwaga kwenye magunia nyumbani kwa Mzee Gaspard. Yeye ndiye alikuwa prezida wa korali. Alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye sauti ya besi iliyotikisa benchi ulilokalia, na alikuwa ametufundisha sote kuimba, mmoja mmoja, akitugonga begani kwa kidole tulipokosea. Hakuwahi kupaza sauti kwa hasira. Mpunga ukauzwa, naye akazishona fedha ndani ya koti lake kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia, "Tuende Bukavu, mimi na weye. Mi nitachunga feza, weye utachunga masikio."

Tulipanda hadi Kamembe, tukavuka mpaka kwa miguu kwenye daraja la Rusizi tukiwa katikati ya kina mama wenye vikapu vya nyanya, tukauliza njia hadi mtaa wa Kadutu, kwa mwanamuziki mmoja aliyekuwa anauza vyombo vya bendi yake iliyovunjika. Jina lake lilikuwa Papa Seba. Kilikuwa chumba kidogo chenye pazia la maua, kimejaa ngoma zilizopangwa juu ya kabati hadi darini. Mkewe alituletea bugali na sambaza za kukaanga kabla hata hatujasema shida yetu, na Mzee Gaspard, ambaye hakupenda kula kwa mtu kabla ya kazi, alikula kwa heshima, akisifu kila tonge. Ndipo Papa Seba akatuingiza chumba cha kulala. Kitandani, juu ya shuka jeupe lililotariziwa, zililala gita mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, mwili wake mbao ngumu isiyo na uwazi ndani, imechubuka pembeni, imara kama jembe. Ya pili ilikuwa nyekundu, pana, yenye matundu mawili kifuani yaliyojikunja kama violini. Nilikuwa natazama kasha la kaseti yangu likiwa limelala kwenye kitanda cha mtu.

Sitatia chumvi, wala sitapunguza. Nilijua. Kijana wa bendi ya kwanza niliyowahi kuifuata, nilipokaa Bukavu kwa muda kabla ya kuja kiwandani, alinieleza vizuri kwamba gita yenye tumbo la uwazi ni ya mahali padogo na patulivu. Ukiipeleka kwenye spika kubwa, sauti inayotoka kwenye spika hurudi na kuingia tumboni mwake, tumbo likaanza kutetemeka, na gita ikapiga yowe yenyewe bila kuguswa. Korali yetu ilipiga kwenye sherehe za uwanjani, mbele ya spika zenye kimo cha mtu. Nilijua hayo yote wakati Mzee Gaspard aliposimama kando ya kitanda, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutazama mtoto mchanga, akaniuliza, "Remi, mi bintu bya gitare sibijue. Weye njo masikio ya korali. Ya korali ni gani?" Papa Seba, mtu mwaminifu, akaanza kumjibu yeye badala yangu. "Ile nyeusi ni ya kazi," akasema. "Unaweza kuipiga ku uwanja, ku mvua, haina shida. Hii nyekundu, bon, hii ni gitare ya mu salon. Ukiifungulia bafle, zile spika kubwa, ita..." Nami tayari nilikuwa nimeiokota ile nyekundu na kuichomeka kwenye kikuza sauti kidogo kilichokuwa miguuni pa kitanda. Nikapiga kodi moja, yaani nyuzi zote sita kwa pamoja, nene, kwa nguvu, juu ya maneno yake. Sauti ikajaa chumba. Mke wa Papa Seba akachungulia kwenye pazia akitabasamu. Nikaendelea kupiga hadi nilipoona midomo ya Papa Seba imefunga, kisha nikamgeukia Mzee Gaspard na kusema, "Hii, Mzee."

Hakuniuliza mara ya pili. Alifumua nyuzi za koti lake palepale kwa meno, akatoa fedha, akalipa, akamshika Papa Seba mkono kwa mikono yake miwili. Njiani aliibeba yeye gita, ingawa nilimwomba anipe. Alisema korali imemtuma yeye na lazima aifikishe yeye. Aliniomba nimweleze matundu yale ni ya nini, nami nikamwambia ni ya kuifanya sauti iwe tamu, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ukweli ule mdogo ukanituliza safari nzima. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya korali na kusema, "Niliiona na macho yangu, niliisikia na masikio yangu. Iko gitare ya mazima." Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja wao alifuta kidole kwenye kitenge chake kwanza, ndipo akaigusa, asije akaichafua.

Kwa kuwa stoo ya kanisa ilivuja na mimi ndiye nilikuwa mpigaji, gita ilikaa chumbani kwangu. Hapa ndipo penye aibu ninayopata taabu zaidi kuieleza: miezi ile ilikuwa mitamu mno. Natamani ningeweza kuandika kwamba kila nilipoigusa moyo ulinisuta, lakini haukunisuta. Nilitoka zamu, nikaoga kwenye ndoo ya Maman Zaina, nikaketi kwenye kiti changu kimoja nikiwa nimeihamishia redio kitandani, nikaipakata. Ilitulia juu ya paja kana kwamba imezoea. Ukisogeza pua kwenye tundu ulisikia harufu ya mbao kavu na vumbi la zamani, na ya tumbaku kidogo, ya mtu aliyeipiga kabla yangu. Uzuri wake mwingine ni kwamba haikuhitaji umeme ili isikike chumbani. Tumbo lake liliongea lenyewe, kwa sauti ndogo, ya kunitosha mimi na ukuta. Niliicheza kaseti kipande kwa kipande, nairudisha, nautafuta ule uzi, ile kodi ya ajabu yenye vidole vinne visivyotaka kukaa pamoja. Vidole vilipata sugu mpya juu ya sugu za saruji. Nilijifunza kupiga polepole, jambo gumu kuliko yote, kuacha nafasi tupu na kuivumilia bila kuijaza. Ng'ambo ya ukuta sufuria ilichemka, na mara nyingine Maman Zaina aliuliza, "Remi, leo ile gitare yako iko na huzuni ao iko na njaa?" Nikimjibu kwamba ina njaa, sahani ya pilau ilipitishwa dirishani. Nilinenepa mwaka ule. Nadhani mimi ndiye mfanyakazi pekee wa saruji aliyewahi kunenepa kwa ajili ya jazi.

Kwenye mazoezi ya korali hakuna aliyeona kasoro. Kanisa letu lilikuwa dogo, kikuza sauti chetu kidogo zaidi, na Mzee Gaspard alifumba macho kila nilipoanza. Hata nyimbo zetu zilibadilika kidogo, nikaanza kuingiza kodi zangu za kaseti chini ya sauti za kina mama, na hakuna aliyenikataza. Katibu wa korali, Théogène, mtu wa daftari na kalamu mbili mfukoni, alisema mara moja kwamba gita hii ina sauti ya usingizi. Mzee Gaspard akamjibu kwamba malaika nao hulala. Tukacheka. Nilikuwa nimejisahaulisha kabisa kwamba siku ya uwanja ingekuja, kama mtu anavyojisahaulisha jino linalouma kwa kutafunia upande wa pili.

Siku ikaja. Ilikuwa sherehe ya jubilei ya kanisa, korali za wageni zimealikwa, nyingine kutoka Nzahaha, nyingine kutoka Giheke, na uwanja umejaa mahema. Spika zilikuwa zimekodiwa Kamembe na kushushwa asubuhi na wanaume wanne kila moja. Niliziona, nikajua. Bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kumvuta Mzee Gaspard pembeni, nikamwambia leo tuimbe bila gita. Badala yake nilijikaza kisabuni, nikasimama mbali na spika kadiri waya ulivyoruhusu, nikaomba Mungu anifiche. Wimbo ulianza vizuri. Mstari wa pili fundi wa sauti, kwa nia njema, akaipandisha gita ili na watu wa nyuma wapate. Ikaanza kwa mvumo, kama nyuki ndani ya debe. Kisha ikapiga yowe. Nilizishika nyuzi zote kwa viganja vyangu viwili na bado iliendelea, yowe moja refu lisilo na pumzi, watoto wakaangua kilio, wageni wa Nzahaha wakaziba masikio, na mtu fulani kwenye hema la mbali akaanza kucheka, kicheko kikatembea hema hadi hema. Fundi alipoizima, korali yetu ilikuwa imenyamaza kabisa, wote isipokuwa mtu mmoja. Mzee Gaspard aliendelea na besi peke yake hadi mwisho wa mstari, akiwa amesimama wima, akitutazama mmoja mmoja turudi kwenye wimbo.

Baada ya misa tulikula wali, maharage na nyama ya mbuzi. Nilisimama kwenye foleni ya kunawa mikono nyuma ya Théogène, na hakuniona. Alikuwa anamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Umeona ile gitare? Gitare ya mazima haina matundu. Bakamupatia ile ya kuoza, ya bei ya chini. Feza ingine ilienda wapi? Mufuko ya koti yake njo inajua." Yule mwenzake akasema, "Mzee? Hapana, weye." Théogène akasema, "Muntu ni muntu." Maji ya jagi yakanimwagikia mkononi, nikanawa, nikapokea sahani yangu, nikaenda kuketi. Hadi jioni neno la matundu lilikuwa limefika kila kijiji cha bonde. Wale kina mama waliopiga vigelegele walianza kukumbuka ukubwa wa makopo yao.

Jumamosi iliyofuata komite iliitisha mkutano wa korali yote. Nilituma neno kwamba niko zamu. Sikuwa zamu. Nilifunga mlango wangu mchana kweupe, nikaketi kwenye kiti, nikaichukua gita. Nilijiambia nitapiga kidogo tu ili nisifikirie. Kulikuwa na kipande cha kaseti nilichokuwa nimekihangaikia tangu mwanzo, mahali ambapo yule mpigaji anashuka kutoka juu hadi chini kwa hatua ndogondogo na kila hatua inaonekana kama ataanguka, kisha haanguki. Miezi yote vidole vyangu vilianguka. Mchana ule vilishuka. Nilirudia mara ya pili vikashuka tena, na mara ya tatu, na nilicheka peke yangu chumbani kwa furaha safi, furaha ya mtoto, dakika zilezile ambazo mtu aliyenifundisha kuimba alikuwa anasimamishwa mbele ya watu aulizwe mpunga wa kina mama ameupeleka wapi. Nimepiga gita mbele ya watu wengi tangu siku ile, na sijawahi kupiga vizuri namna ile. Ninapoikumbuka furaha ile bado naipenda, na hilo ndilo ninalolichukia. Maman Zaina alirudi sokoni, nikamsikia akiweka kikapu chini ng'ambo ya ukuta. "Nimepita ku kanisa," akasema. "Bamemutoa Mzee wenu ku uprezida. Ametoka peke yake, na kitabu yake ya nyimbo mu kwapa." Kisha akaongeza, "Ulikuwa unapiga muzuri leo."

Mzee Gaspard alikuja siku mbili baadaye. Nilimpa kiti, mimi nikaketi kitandani. Aliitazama gita iliyoegemea ukuta, na nilidhani amekuja kunidai ukweli. Nilikuwa tayari, nadhani, kumpa kama angeuomba. Hakuuomba. Alikuwa bado ananiamini, na sijui kama kuna kitu kizito kama hicho. "Remi," akasema, "mi sina shida ya kiti cha prezida. Shida ni kwamba banasema nilikula mupunga ya bamaman. Weye ulikuwako. Uende ubaambie tu, ile gitare iko muzuri, ni bafle ya kukodi njo ilikuwa mubaya. Weye batakuamini." Nikamwambia, "Nitabaambia, Mzee." Akaniomba nimpigie kidogo. Nikapiga wimbo wa korali, polepole, bila umeme, na baada ya mistari miwili akaanza kuvumisha besi chini yake, mdomo umefungwa, macho yamefungwa. Tulikwenda hivyo hadi mwisho. "Unaona?" akasema akiinuka. "Iko muzuri." Na kweli ilikuwa nzuri.

Sikuwaambia. Ningewaambia nini? Ningesema spika zilikuwa mbovu, fundi wa Kamembe angekuja kuapa kwamba hazikuwa mbovu, na mtu angeuliza kama kuna gita isiyopiga yowe kwenye spika zilezile, na nani alijua, na alijua lini. Kila njia ilirudi kitandani kwa Papa Seba. Nikaahirisha juma moja, kisha moja tena. Korali ikaamua ile gita ya matundu iuzwe, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka, niliinunua mimi. Waliniuzia kwa bei ya kitu kibovu, na Théogène alinishukuru kwa kuwaondolea aibu. Nilipokea shukrani zake. Mwisho wa mwaka nilipata kazi Kamembe, nikapiga Jumapili mchana kwenye hoteli za kandokando ya ziwa, mbele ya watu wanaokula samaki na kuongea kwa sauti ya chini, mahali ambapo gita yangu imeumbiwa. Imenilisha, imenijengea jina dogo, imenipa mke aliyekuja kuuliza wimbo ule unaitwaje. Mzee Gaspard aliendelea kwenda kanisani. Wanaomjua waliniambia aliketi benchi la nyuma kabisa, na korali ilipoimba alifunga mdomo. Miaka ishirini na zaidi, besi ile imefungiwa mdomoni. Kila niliposikia hivyo nilisema, "Masikini Mzee," kama watu wengine wote.

Siku ya kumaliza msiba nilishuka Bugarama asubuhi. Ua ulikuwa umetandikwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa, wanaume upande huu, kina mama kwenye mikeka upande ule na mjane, Maman Odette, katikati yao, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kitenge begani. Tulikula wali na maharage, tukapewa soda, kisha yakaja maneno ya kumkumbuka marehemu. Wengi walisema vizuri. Théogène alisimama kwa fimbo. Amezeeka vizuri, amekuwa mpole, machozi yalimlenga, na kila alichosema alikimaanisha. "Mzee Gaspard njo alitufundisha kuimba, sisi wote," akasema. "Na sawa muntu yeyote, kuko fasi aliteleza. Ile mambo ya gitare tulisha kumusamehe zamani. Tulimusamehe na roho moja. Mungu naye amusamehe." Watu wakaitikia amina. Hata watoto wa Mzee waliitikia amina, kwa sababu ndivyo mtu huitikia. Nilimtazama Maman Odette. Hakuitikia. Aliinamisha kichwa kama mtu anayengojea mvua ipite, na nikaelewa kwamba ameinamisha hivyo miaka yote, kila Jumapili, kila sokoni, na kwamba mume wake amekwenda kaburini akiwa amesamehewa kosa langu.

Nilisimama bila kupewa nafasi. Sauti ilitoka ndogo, mimi ambaye nimelipwa kwa sauti maisha yangu yote. "Ile gitare niliichagua miye," nikasema. "Mzee aliniuliza ya korali ni gani, nikamudanganya, juu nilikuwa naitaka miye. Mwenye kuiuza alitaka kumuonya, nikapiga gitare juu ya maneno yake, Mzee asisikie. Mzee hakukula kitu ya muntu. Alilipa bei yote. Nilijua, na siku balimutoa sikukuwa zamu. Nilibakia mu nyumba." Nikaketi. Théogène alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake. Mmoja wa kina mama alianza kusema kwamba ni mambo ya zamani, kwamba Mungu anajua, kwamba tutulie. Maman Odette alimgusa mkono akanyamaza. Kisha akainua kichwa na kunitazama, bila hasira na bila huruma.

"Rudilia," akasema.

"Maman..."

"Rudilia, Remi. Usimame pale katikati. Bale ba kule nyuma habakusikia."

Nikainuka. Nikapita kati ya viti hadi mahali aliponionyesha kwa kidevu, nikayasema tena yote, kwa sauti kubwa zaidi, tangu kitanda cha Papa Seba hadi ule mchana wa mkutano, na safari hii sikuruka furaha yangu. Nilipomaliza nilitaka kurudi kwenye kiti. Pale mlangoni mwa ua alikuwa ameingia mzee mmoja wa korali ya Nzahaha, amechelewa, anafuta vumbi la njia kwenye viatu, anatafuta mahali pa kukaa. Maman Odette akangojea hadi alipopewa kiti.

"Remi," akasema, "na huyu hajasikia."